Mwaka ulioandikwa shingoni si umri wa bunduki nzima

Kijijini kila bunduki kuukuu ni ya Mjerumani. Hutolewa darini ikiwa imefungwa kwenye gunia la kahawa, na kabla haijafunuliwa mtu ameshasema kwamba babu aliipata vita ya Mjerumani. Ukifuta vumbi shingoni, pale chuma kinapopokea kitako, unakuta taji, chini yake G.R., chini yake LITHGOW, na mwaka 1942. Basi ni bunduki ya Mfalme wa Uingereza, imetengenezwa Australia, na mwaka huo Mjerumani alikuwa hana koloni Afrika kwa zaidi ya miaka 20. Babu hakusema uongo. Huenda alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.), katika vita ya pili, na wajukuu ndio waliochanganya vita. Anayeandika orodha ya bunduki kwa ajili ya makumbusho au ghala la vielelezo huandika yote mawili, maneno ya wenyewe na chapa za chuma, kila moja mahali pake, wala halazimishi moja lifanane na jingine.

Tatizo ni kwamba hata chapa hazisemi kwa sauti moja. Bunduki ya jeshi haikai na viungo ilivyozaliwa navyo. Mtutu ukiisha hubadilishwa, kitako kikipasuka huwekwa kingine, bolti ikipotea huletwa ya bunduki iliyokufa. Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza, ikikaa jeshini miaka 30 inaweza kuwa na mwili (chuma cha kati kinachobeba bolti) wa 1917, mtutu wa 1941 na kitako kisicho na mwaka wowote. Anayesoma chapa moja tu na kufunga daftari ameandika habari za kipande, hakuandika habari za bunduki. Kosa hili ndilo tunalolikuta mara nyingi kuliko yote kwenye kadi za zamani za maonyesho.

Kabla ya kusoma lolote, sheria na usalama. Sheria ya Silaha ya Uganda ya mwaka 1970 inadai cheti kwa mwenye bunduki, na usitegemee kwamba kutu itakutetea. Iliyokutwa darini, kisimani au shambani huachwa ilipo, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) huarifiwa, polisi huja kuichukua. Chapa husomwa baadaye, mikononi mwa mwenye ruhusa.

Bunduki ya zamani huhesabiwa ina risasi hadi ithibitike haina. Kwenye Lee-Enfield, mdomo wa mtutu ukielekea pasipo na mtu, toa magazini kwanza: kibonyezo chake kimo ndani ya kinga ya kifyatulio, mbele ya kifyatulio chenyewe, nacho husukumwa juu. Kisha inua mkono wa bolti na uvute nyuma. Tazama chumba cha risasi kwa jicho, halafu kipapase kwa kidole, kwa sababu ganda jeusi ndani ya chumba cheusi halionekani. Bolti ikikataa, angalia komeo la usalama, upande wa kushoto nyuma ya mwili. Likilala nyuma, bolti imefungwa. Likisukumwa mbele, inafunguka. Wapo waliogonga mkono wa bolti kwa nyundo hadi wakaupinda, na kumbe komeo tu ndilo lilikuwa nyuma. Ikiwa ni kutu kweli iliyoigandisha, mwachie fundi silaha wa polisi. Risasi iliyokaa miaka 70 haijafa kwa sababu imezeeka.

Gobori lina hatari yake ya peke yake: halifunguki nyuma, na baruti yaweza kuwa imo tangu zama za aliyelinyamazisha. Fundi silaha husimama pembeni, huingiza ufito wa mti kupitia mdomoni mpaka ukome, huutia alama kwenye mdomo, kisha huulaza ufito juu ya mtutu kwa nje. Ukikomea mbali na tundu la moto, kuna kitu ndani. Mara nyingine kitu hicho ni kiota cha nyigu wa udongo tu, maana nyigu hao hawaachi tundu lolote la kidole bila kulijenga, na mitutu iliyotundikwa ukutani wanaipenda. Lakini haidhaniwi ni udongo mpaka itoke.

Sasa usafishaji, na hapa ndipo uharibifu mkubwa hutokea, tena kwa nia njema. Mtu anapewa bunduki ya kuonyesha, anataka ing'ae, anachukua msasa au brashi ya waya, na kwa nusu saa anafuta yale yaliyoifanya iwe na maana. Chapa nyingi zimezama chini ya nusu milimita. Kutu ikishakula uso, kinachobaki cha herufi ni kivuli, na msasa hukila hicho kivuli chote. Tindikali ya betri na maji ya ndimu navyo vinang'oa kutu pamoja na rangi ya chuma, kisha mwezi mmoja baadaye kutu inarudi kwa nguvu zaidi, hasa Entebbe na Jinja ambako unyevu wa ziwa hauchoki.

Vinavyohitajika ni vichache: mafuta mepesi ya cherehani, kitambaa cha pamba, mswaki laini, kijiti cha meno, chaki nyeupe ya shule, tochi na rula. Paka mafuta, acha usiku mzima, futa asubuhi. Rudia mara tatu au nne, usiwe na haraka. Uchafu uliojaa ndani ya herufi utoe kwa kijiti cha mti, kamwe si kwa sindano wala ncha ya kisu. Halafu zima taa ya chumba, laza tochi iwe karibu sambamba na chuma, na uizungushe polepole. Herufi isiyoonekana mchana huinuka yenyewe kivulini. Isipoinuka, sugua chaki juu yake na ufute kwa kiganja; chaki hubaki mashimoni. Piga picha ukiwa na rula kando ya chapa, picha mbili, mwanga ukitoka kushoto na mwanga ukitoka kulia, kwa sababu 3 na 8, 0 na 6, G na C hudanganya kwenye mwanga mmoja.

Bunduki nyingi za vita ya pili zilipakwa rangi nyeusi nzito zilipokarabatiwa kiwandani, na rangi hiyo imejaa ndani ya herufi. Usiibandue. Nayo ni sehemu ya historia yake, na tochi ya pembeni hutosha.

Kisha rudi nyuma hatua mbili, utazame umbo zima kabla ya kuinamia maandishi. Nyingi ya bunduki za zamani za serikali zinazojitokeza Uganda ni za Kiingereza, za risasi ya .303, na umbo peke yake hukufikisha nusu ya safari. Ikiwa uso wa chuma wa mbele ni butu, mdomo wa mtutu haujitokezi karibu hata kidogo, na kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya mtutu mbele ya chumba cha risasi, hiyo ni Lee-Enfield fupi, aina iliyopokelewa 1907 ikiitwa Mark III, na tangu 1926 ikaitwa No. 1. Ikiwa mtutu unachomoza mbele ya mbao kama kidole, na kilengeo cha nyuma ni tundu la mviringo lililoko nyuma kabisa, karibu na jicho, hiyo ni No. 4. Zote mbili zina urefu wa takriban sentimita 113 na uzito wa kilo 4 hivi, kwa hiyo tepu ya kupimia haizitenganishi. Ikiwa na urefu wa sentimita 100, nyepesi, na mdomoni ina koni ya chuma ya kuficha mwako, ni No. 5, iliyotengenezwa kuanzia 1944 kwa vita vya msituni. Ndefu ya sentimita 126 ni Lee-Enfield ndefu ya kabla ya hizo zote. Isiyo na bolti, ila ina mkono wa chuma chini nyuma ya kifyatulio, ni Martini.

Mauser nayo ni ya bolti. Magazini yake imefichwa ndani ya mbao, haishuki chini kama sanduku. Juu ya pete ya mwili (pale mtutu unapoingia) ya Mauser za Ujerumani za vita ya pili kuna kodi ya kiwanda na mwaka: byf ni kiwanda cha Mauser cha Oberndorf, bcd ni Gustloff, dot ni Brno. Zile za kweli za vita ya kwanza, za Schutztruppe, jeshi la koloni la Mjerumani, waliopigana mpaka wa Kagera, nyingi zilikuwa za aina ya 1871, risasi ya milimita 11 na baruti ya moshi, na bunduki za jeshi hilo huonekana zikiwa na herufi K.S., yaani Kaiserliche Schutztruppe. Mwenye bunduki ya Mjerumani kweli atakuwa na kitu cha namna hiyo mkononi, wala si taji la G.R.

Tuje shingoni. Kwenye Lee-Enfield, shingo ni ile pete ya chuma inayopokea kitako, nyuma ya kifyatulio. Kwa No. 1, soma upande wa kulia, kutoka juu kwenda chini: taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka, SHT. L.E., kisha III au III*. Herufi za mfalme ni kipimo cha kwanza cha ukweli. V.R. ni Malkia Victoria, aliyefariki Januari 1901. E.R. ni Edward VII, hadi 1910. G.R., ya Mfalme George, inaanzia hapo. G.R.I. ni ya India, kiwanda cha Ishapore. Ukikuta V.R. juu ya mwaka 1919, si bunduki ya kiwanda cha serikali bali ni nakala ya mafundi wa mtaani wa mpaka wa Pakistani na Afghanistani, ambao walinakili taji vizuri kuliko walivyonakili historia. Nakala hizo hujifichua pia kwa N iliyogeuzwa kama kwenye kioo na ENFIELD iliyokosewa tahajia.

Majina ya viwanda: ENFIELD, B.S.A. CO., L.S.A. CO., SPARKBROOK, LITHGOW, ISHAPORE. Ukikuta S.S.A. au N.R.F. pamoja na 1917 au 1918, usidhani imekosewa. Ni mpango wa vita ambapo viwanda vidogo vilitoa vipande na bunduki ikaunganishwa kwingine. Ishapore ya baada ya uhuru wa India huandika R.F.I., na mahali pa taji pana simba wa Ashoka.

Ile nyota baada ya III ina maana ya kuonekana kwa macho. Mwaka 1916 Waingereza waliondoa vitu vitatu ili kuharakisha utengenezaji: bamba la kuzibia magazini, vilengeo vya mbali vya kando ya mbao upande wa kushoto, na kisogezo cha kushoto na kulia kwenye kilengeo cha nyuma. Kwa hiyo III* isiwe na vitu hivyo. Ikiwa navyo, au III ikiwa haina, hapo pana kipande kilichobadilishwa, na ndipo uchunguzi unapoanza kunoga. Usiandike "kosa", andika ulichokiona.

Kwa No. 4, geuza upande wa kushoto. Hapo utakuta namba ya bunduki, kiwanda na mwaka. M47C ni B.S.A. ya Shirley, ambayo wakati wa vita ilipewa kodi badala ya jina. UF ni kiwanda cha Fazakerley cha baada ya vita. LONG BRANCH ni ya Kanada, na namba yake ina herufi L katikati. Zile za Savage zina herufi C katikati ya namba, na juu kushoto kwenye pete ya mwili zimeandikwa U.S. PROPERTY, maneno ambayo yamewapoteza wengi. Hazikuwa bunduki za askari wa Marekani. Zilitengenezwa Marekani kwa ajili ya Uingereza chini ya mpango wa mkopo wa vita, na mali ilikuwa ya Marekani kwa karatasi tu.

Ubavuni mwa No. 4, kushoto, kuna jina la aina: No. 4 Mk I, Mk I*, au Mk 2. Mara nyingine limepigwa kwa nyundo, mara nyingine limekwaruzwa kwa kalamu ya umeme, na mkwaruzo wa kalamu ya umeme ni mwepesi sana, ndio hufutika kwanza kwa msasa. Ukisoma No. 4 Mk 1/2 (F) FTR na mwaka, kwa mfano 49 au 53, hiyo ni Mk I iliyorudishwa Fazakerley ikatengenezwa upya kabisa na kufungwa kifyatulio cha Mk 2. Iliyotoka kwenye Mk I* huandikwa Mk 1/3. Hapo kadi ya maonyesho inahitaji miaka miwili, wa kuzaliwa na wa kukarabatiwa. Kuandika mmoja ni kupunguza.

Mshale mdogo wenye mikono mitatu, unaofanana na unyayo wa kuku, ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Ukiwa ndani ya herufi C ni Kanada. Ukikaa kati ya herufi D mbili ni Australia. Mishale miwili iliyogusana ncha kwa ncha maana yake imeuzwa, imetoka kwenye mali ya serikali. Alama hiyo hutafutwa kwa makini, kwa kuwa inaeleza njia ambayo bunduki ilipita. Vilevile ukikuta kwenye mtutu maandishi madogo mengi kama NITRO PROVED, .303, 2.222" na 18.5 TONS, hizo ni chapa za jumba la majaribio ya biashara la London au Birmingham. Namba hizo ni kipenyo, urefu wa ganda kwa inchi, na shinikizo. Bunduki yenye chapa hizo ilipita mikononi mwa wafanyabiashara baada ya jeshi, kwa hiyo hadithi kwamba ilitoka moja kwa moja kambi ya Bombo hadi kwa babu inahitaji ushahidi mwingine.

DP ni herufi mbili za kuheshimu. Ni bunduki ya mazoezi ya gwaride, iliyokataliwa kufyatua, na mara nyingi mtutu umetobolewa pembeni kwenye chumba cha risasi au pini imekatwa. Herufi hizo hupigwa mwilini, mtutuni, kwenye bolti na kwenye mbao, lakini mbao ikibadilishwa unaweza kukuta mahali pamoja tu. Pakiwa pamoja, hesabu nzima ni DP. ZF nayo ni onyo: imepita uwezo wa kukarabatiwa na fundi wa kikosi. E.Y. ilikuwa ya kurushia maguruneti, na mara nyingi mbao yake imezungushiwa waya wa shaba; watu hudhani waya ni ukarabati wa kijijini.

Namba ya bunduki kwenye No. 1 hupatikana kwenye pete ya mwili upande wa kulia, na inapaswa kurudiwa kwenye mtutu, nyuma ya mkono wa bolti, chini ya bati la kilengeo cha nyuma, na chini ya uso wa chuma wa mbele. Tazama zote tano. Andika namba pamoja na herufi yake ya mwanzo, kiwanda na mwaka, maana viwanda mbalimbali vilitumia namba zilezile, na namba tupu haitambulishi bunduki. Bolti isiyolingana na mwili si aibu, imo kwenye nusu ya bunduki za zamani, lakini ni sababu tosha ya kutoifyatua. Bolti na mwili vilipimwa pamoja, na nafasi kati ya uso wa bolti na ukingo wa ganda ikizidi, ganda hukatika likiwa ndani. Kwenye No. 4 kichwa cha bolti kina namba 0, 1, 2 au 3, kadiri namba inavyopanda ndivyo kichwa kinavyorefuka kidogo. Kichwa cha 3 mara nyingi kinamaanisha bunduki ilishalegea na fundi wa jeshi akaifidia. Kiandike, watu wengi hukiruka.

Namba iliyosagwa kwa makusudi ni habari nyingine kabisa. Kutu hula bila mpangilio, ila grinda huacha mistari sambamba na bonde laini. Ukiona hivyo, weka tochi chini, usijaribu kuifufua, iarifu polisi.

Mtutu nao una mwaka wake, tarakimu mbili, karibu na mwili. Herufi HV juu yake maana yake vilengeo vimepimwa kwa risasi ya Mark VII, ile ya 1910 yenye ncha kali. Mwaka wa mtutu ukiwa wa baadaye kuliko mwaka wa shingo, mtutu umebadilishwa, basi. Ukiutangulia kwa mwaka mmoja, ni wa akiba uliokuwa ukisubiri kiwandani.

Singe ndiyo inayodanganya kuliko vyote. Singe ya No. 1 ina upanga wa sentimita 43, na kwenye chuma karibu na mpini imeandikwa taji, G.R. na 1907. Kadi nyingi husema "singe ya mwaka 1907". Sivyo. 1907 ni jina la aina. Tarehe ya kutengenezwa ni zile tarakimu ndogo chini yake, kwa mfano 5 17, Mei 1917, pamoja na jina kama WILKINSON au SANDERSON. Singe ya No. 4 ni msumari wa sentimita 20, na mwenye kudhani ni patasi hana lawama.

Kisa hicho hicho kimo kwenye Snider, na humu Uganda kinahusu zaidi, kwa sababu Snider zilikuwa miongoni mwa silaha za askari wa Lugard, ofisa wa Kiingereza, alipofika Kampala Desemba 1890. Bati la ubavuni la Snider laweza kusema 1862 ENFIELD. Snider ilipokelewa 1866. Bati ni la bunduki ya kupakia mdomoni iliyokatwa nyuma na kufungwa kifuniko cha kufunguka kando. Anayeandika "Snider ya 1862" ameandika kitu ambacho hakikuwahi kuwepo. Martini nazo zilibadilishwa vivyo hivyo, kutoka risasi nene ya milimita 11.4 hadi .303, zilizobadilishwa hubeba maandishi M.E. na 303 chini ya yale ya zamani.

Magobori ya biashara yana TOWER na taji kwenye bati, lakini taji hilo halina uhusiano na Mnara wa London. Ni pambo la kumvutia mnunuzi, na tangu zamani lilifanya kazi yake vizuri. Geuza mtutu utafute duara la yai lenye ELG na nyota, chapa ya Liège, Ubelgiji. Likiwa na taji juu yake, mtutu ulijaribiwa 1893 au baada yake.

Jambo moja la hatari ambalo halisubiri. Ishapore ilitengeneza miaka ya 1960 bunduki inayofanana na No. 1 kama pacha, ila ni ya risasi ya 7.62. Magazini yake ni ya mraba zaidi na hubeba risasi 12 badala ya 10, na shingoni imeandikwa RIFLE 7.62 MM 2A au 2A1. Ikiingia kwenye orodha kama .303, yeyote atakayeitegemea orodha hiyo baadaye amewekewa mtego. Ishapore pia ilibadilisha No. 1 kuwa za .410, tundu laini bila mifereji. Tazama mifereji ndani ya mtutu kila mara, hata kama shingo imesema vizuri: ya kawaida kwenye No. 1 ni mitano, inayozunguka kushoto, No. 4 za vita zaweza kuwa na miwili tu, na hiyo si mtutu uliochakaa.

Mbao huachwa mwisho kwa sababu ndizo zinazosafiri zaidi. Kitako hutolewa kwa bisibisi ndefu kupitia tundu la bamba la nyuma, na kumbukeni, kwenye No. 1 mbao ya mbele hutoka kwanza. Mwenye kuanza na kitako bisibisi yake hukizungusha na kuipasua mbao ya mbele ndani, mahali pasipoonekana. Tundu hilo la nyuma lilihifadhi chupa ya mafuta na kamba ya kusafishia, kwa hiyo lifungue. Mara chache chupa imo bado. Herufi juu ya kitako, S, L au B, ni urefu wake, si jina la mtu. SLAZ ni Slazenger, watengenezaji wa raketi za tenisi, waliochonga vitako Australia wakati wa vita. Kitako kisicho na chapa hata moja, cha mbao nzito ya kahawia yenye nyuzi zilizopindana, huenda ni mvule wa seremala wa hapa hapa. Hicho usikibadilishe kwa cha Kiingereza ili bunduki "ikamilike".

Upande wa kulia wa kitako cha No. 1 pana shimo la duara lenye kisahani cha shaba, au pengo lake. Kisahani kilibeba kifupi cha kikosi, mwezi na mwaka wa kugawiwa, na namba ya ghala. Kikosi cha nne cha King's African Rifles kilikuwa cha Uganda, na 4 K.A.R. ndiyo kila mtu anayoitafuta. Kwa sababu hiyo hiyo visahani hivyo vimeng'olewa, vikauzwa, vikawekwa vipya. Kisahani kinachozunguka kwa kidole, kina skrubu inayong'aa, au shaba yake ni safi wakati bamba la kitako ni jeusi, kiandikwe peke yake na alama ya shaka.

Namba ya orodha isiandikwe kwenye chuma wala mbao. Lebo ya karatasi ngumu hufungwa kwa uzi wa pamba kwenye kinga ya kifyatulio, imeandikwa kwa penseli, kwa sababu wino hutoka na mafuta, na utepe wa gundi ukibanduliwa huondoka na rangi ya kitako, na mara nyingine na herufi ya mwisho iliyokuwa imebaki.